Nani amekutuma? Historia fupi ya kuitazama Kedowa kutoka juu

Nimekuwa kimya kwa sababu ya kazi, na leo sitaandika juu ya programu wala hifadhidata. Leo nataka kuzungumzia droni. Wengi mmeniuliza kama kuzirusha kwa kujifurahisha kunaruhusiwa hapa Kenya. Jibu fupi ni: ndiyo, lakini kwa masharti. Jibu refu ni historia, na historia hiyo kwangu ilianza na mzee mmoja jirani yetu kule nyumbani Kedowa.

Ilikuwa Desemba 2016. Nilikuwa nimenunua Phantom ya mkono wa pili kutoka kwa rafiki, nikaifunga kwenye begi pamoja na nguo, nikapanda matatu kutoka Nairobi kwenda nyumbani kwa Krismasi. Asubuhi ya pili nikatoka nyuma ya jikoni la mama, nikasubiri ukungu uondoke, nikairusha. Kwenye simu yangu nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona tangu nizaliwe: majani chai kama zulia, viazi, mabati ya nyumba, barabara ya kwenda Londiani ikikata vilima. Watoto walipiga kelele za furaha. Nikapanda juu zaidi, nikaenda mpaka bondeni, nikarudi. Nilijiona mtu wa maana sana.

Niliposhusha chombo nikamkuta mzee amesimama kwenye ua. Hakunisalimia. Aliniuliza swali moja tu: "Kijana, nani amekutuma kupima shamba langu?"

Nikacheka. Nikamwambia, mzee, hii ni kamera tu, ni mchezo. Yeye hakucheka. Akasema: "Hakuna mtu anayepiga picha shamba la mwenzake kwa mchezo." Akataka nifute picha zote mbele yake. Nilifuta, lakini kwa hasira, nikijiambia moyoni kwamba wazee hawaelewi teknolojia.

Baadaye nikagundua kwamba asiyeelewa nilikuwa mimi, tena mara mbili. Kwanza, kwa sheria za wakati ule sikuwa na haki yoyote ya kurusha kile chombo. Pili, swali la mzee ni la zamani kuliko droni, na lina majibu.

Ndege za kwanza zilizotupiga picha

Tukisikia "picha kutoka angani" tunadhani ni jambo lililokuja na Google Earth mwaka 2005. Hapana. Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara ya kupima makoloni yake, na mkuu wake alikuwa Martin Hotine. Tatizo lake lilikuwa hili: Afrika ni kubwa, wapimaji ni wachache, na ramani zilizokuwapo zilikuwa na nafasi nyingi nyeupe. Dawa ikawa ndege. Kikosi namba 82 cha jeshi la anga la Uingereza kilipewa ndege aina ya Lancaster, zile zile zilizojengwa kudondosha mabomu Ulaya, zikawekwa kamera tumboni badala ya mabomu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 zilipita juu ya Afrika Mashariki, huku moja ya vituo vyake ikiwa Eastleigh, Nairobi, mahali ambapo leo ni kambi ya jeshi la anga ya Moi.

Namna ya kufanya kazi ilikuwa ile ile anayoitumia mtu mwenye droni leo. Ndege huruka mistari iliyonyooka, kamera hupiga kwa vipindi sawa, na kila picha hufunika sehemu kubwa ya picha iliyotangulia. Ukiziangalia picha mbili za mahali pamoja zilizopigwa kutoka pembe mbili, unaweza kupima urefu wa vilima. Macho yetu mawili hufanya hivyo hivyo. Kutokana na picha hizo zikachorwa ramani za Kenya za kipimo cha 1 kwa 50,000, yaani sentimita 1 kwenye karatasi ni mita 500 ardhini. Mpimaji, mhandisi au mwanajeshi aliyefunua ramani ya aina hiyo alikuwa anatembea juu ya picha zilizopigwa kutoka angani.

Hapa ndipo swali la mzee linapoanza kuwa na uzito. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuingia 1960, serikali ilianza kugawa hati za ardhi kwa kasi. Kupima kila shamba kwa mnyororo kungechukua miaka mingi. Kwa hiyo picha za angani zilikuzwa na mipaka ikachorwa juu yake. Katika sehemu nyingi wakulima waliambiwa wapande ua kwenye mipaka yao, ua ukue vizuri uonekane kutoka juu, kisha ndege irudi kupiga picha upya na ramani ya usajili isahihishwe. Kuna sehemu ndege haikurudi, na ramani za haraka haraka zilizokusudiwa kutumika kwa muda zikabaki kuwa ndizo za kudumu. Mpaka leo kesi za mipaka zinakuja mahakamani na ramani hizo.

Fikirieni jambo hilo. Kuna kizazi kizima cha Wakenya kilichopanda miti ili kionwe na ndege. Kwa mtu wa kizazi hicho, chombo kinachoelea juu ya ua wake si mchezo. Kikipita kinaandika kitu mahali fulani, na kilichoandikwa kinaweza kumpa mtu shamba au kumnyang'anya.

Na sehemu zetu zina sababu zaidi. Mashamba makubwa ya majani chai ya Kericho yalianza miaka ya 1920, kwenye ardhi ambayo Wakipsigis na ukoo wa Talai wanasema mpaka leo kwamba waliondolewa kwa nguvu. Upande wetu wa Londiani na Kipkelion kulikuwa na mashamba ya walowezi, kisha ikaja miradi ya kuwapa watu makazi baada ya uhuru. Mwaka 1992 na tena mwanzoni mwa 2008 watu walichomewa nyumba na kuhamishwa kwa sababu ya siasa na ardhi. Halafu mtoto wa jirani anatoka Nairobi na mashine yenye kamera. Ungekuwa wewe, usingeuliza nani amemtuma?

Vita na mvua ya mawe

Kabla sijafika kwenye droni zenyewe, kuna kisa kingine cha anga yetu ambacho vijana wengi wa Kericho hawakijui.

Kericho na Nandi Hills ni kati ya sehemu zinazopigwa sana na mvua ya mawe duniani. Mawe yakianguka dakika 10 tu, majani machanga yanachanika na mkulima anapoteza mavuno ya wiki kadhaa. Kwa hiyo katika miaka ya 1960 kampuni za majani chai zilianza kupigana na mawingu. Kwanza zilirushwa roketi ndogo za kulipuka ndani ya wingu. Kisha, mwishoni mwa miaka hiyo, zikaja ndege ndogo zilizoruka kando ya mawingu ya dhoruba na kuchoma kemikali inayoitwa iodidi ya fedha. Wazo ni kwamba chembechembe za kemikali hiyo hufanya matone mengi madogo yagande badala ya mawe machache makubwa. Wanasayansi walibishana kwa miaka kuhusu matokeo, kwa sababu huwezi kujua wingu lile lingefanya nini kama lingeachwa.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba hata wakati huo anga ya majani chai haikuwa tupu. Ilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa wale wenye uwezo wa kukodi ndege. Mkulima wa ekari mbili alisikia mngurumo tu, akainua macho, akaendelea kulima.

Sheria iliyotangulia chombo

Watu wengi hudhani sheria za droni ni mpya. Msingi wake ni wa tarehe 7 Desemba 1944, huko Chicago, wakati vita kuu ya pili haijaisha. Nchi 52 zilikubaliana juu ya mkataba wa usafiri wa anga wa kiraia. Kenya ilijiunga nao mwaka 1964, muda mfupi baada ya uhuru.

Nilipousoma mkataba huo nilishangaa. Ibara ya 1 inasema kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga iliyo juu ya ardhi yake. Ibara ya 8 inasema chombo kinachoweza kuruka bila rubani kisiruke hivyo juu ya nchi nyingine bila idhini maalumu. Waliandika hayo mwaka 1944! Walikuwa wameona mabomu ya Wajerumani yaliyojiendesha yenyewe yakianguka London mwaka huo huo, wakajua yanayokuja. Na Ibara ya 36 inaipa kila nchi haki ya kukataza au kuweka masharti ya kutumia kamera ndani ya ndege zinazopita juu yake.

Kwa hiyo zaidi ya miaka 70 iliyopita mataifa makubwa yaliketi mezani na kuuliza swali lile lile la mzee wa Kedowa: unapiga picha, kwa ruhusa ya nani?

Jinsi chombo kilivyoshuka bei

Sasa tuingie kwenye eneo langu. Kwa nini droni zilibaki za majeshi kwa miaka mingi, halafu ghafla kila mpiga picha wa harusi akawa na moja? Kama mwandishi wa programu naona mambo manne yaliyokutana.

La kwanza ni GPS. Marekani ilikuwa ikiharibu makusudi ishara za GPS kwa watumiaji wa kiraia, kosa likiweza kufika mita 100. Mwanzoni mwa Mei 2000 uharibifu huo ulizimwa kwa amri ya rais Bill Clinton, na kwa usiku mmoja vipokezi vya kawaida vikaanza kujua mahali vilipo kwa kosa la mita chache tu.

La pili ni simu. Simu za kisasa zilihitaji vihisi vidogo vya kujua simu imelala au imesimama. Viwanda vikavitengeneza kwa mamilioni na bei ikaanguka. Kihisi cha mwendo na jiroskopu, ambavyo zamani vilikuwa vyombo vizito vya ndege, vikawa vitu vidogo kuliko ukucha.

La tatu ni betri za lithiamu na mota zisizo na brashi, ambazo ni nyepesi na zina nguvu.

La nne ni programu huria. Mwaka 2007 Chris Anderson, aliyekuwa mhariri wa jarida la Wired, alianzisha jumuiya ya DIY Drones baada ya kucheza na watoto wake na roboti ya Lego. Kutoka kwenye jumuiya ile ikakua ArduPilot, programu ya kuongoza ndege ambayo yeyote anaweza kusoma msimbo wake. Msimbo ule ni shule. Kuna kitanzi kinachozunguka mara mamia kwa sekunde: soma vihisi, kadiria umelalaje, linganisha na unavyotakiwa kulala, ongeza mota hii, punguza ile. Chombo chenye propela nne hakiwezi kuelea bila kompyuta. Mkono wa binadamu ni mzito mno kwa kazi hiyo.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Mwaka 2010 kampuni ya Ufaransa ya Parrot ilionyesha AR.Drone iliyoongozwa kwa simu. DJI, iliyoanzishwa na Frank Wang huko China mwaka 2006, ilitoa Phantom ya kwanza Januari 2013. Ile ndiyo iliyobadilisha kila kitu, kwa sababu hukuhitaji kuunganisha waya wala kusoma msimbo. Unafungua boksi, unachaji, unaruka. Mwaka 2019 ikaja Mavic Mini yenye gramu 249, inayoingia mfuko wa koti.

Kenya ilivyosema hapana, halafu labda, halafu ndiyo kwa masharti

Kenya ilikutana na teknolojia hii wakati mbaya. Mwaka 2013 hifadhi ya Ol Pejeta huko Laikipia ilichangisha pesa kwenye mtandao ili ijenge droni ya kulinda vifaru, ikishirikiana na kampuni ya Airware ya Marekani. Septemba mwaka huo huo magaidi walishambulia jengo la Westgate na kuua watu 67. Baada ya hapo kila kitu kilichoruka bila rubani kilitazamwa kwa jicho la usalama. Mwaka 2014 serikali ikazuia droni za binafsi hata kwa kazi ya kulinda wanyama. Januari 2015 Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ya Kenya, KCAA, ikatangaza kwamba hakuna kurusha droni bila kibali chake, na kwamba ni lazima Wizara ya Ulinzi nayo iridhie. Kwa mtu wa kawaida hiyo ilikuwa sawa na kukatazwa.

Wakati sisi tunakatazwa, majirani walikuwa wakijaribu. Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ulianza kurusha droni za uchunguzi zisizo na silaha kutoka Goma, mara ya kwanza kwa walinda amani wake. Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria ulitumia droni mwaka 2015 kuchora mitaa inayofurika. Oktoba 2016 Rwanda ikaanza kupeleka damu hospitalini kwa ndege za Zipline kutoka Muhanga. Na kuanzia 2016 Zanzibar ikaanza kupiga picha Unguja na Pemba zote kwa droni nyepesi, na waliozirusha ni pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar.

Mradi wa Zanzibar ninaupenda sana kwa sababu moja. Wakati wa Lancaster, mpigaji alikuwa mgeni na picha zilikwenda Uingereza. Unguja mpigaji alikuwa kijana wa hapo hapo, na picha zikawekwa wazi mtandaoni. Chombo kimebadilika, ndiyo, lakini lililobadilika zaidi ni anayekishika.

Kenya ilijaribu kufungua mlango mwaka 2017, ikachapisha kanuni za vyombo vinavyoendeshwa kutoka mbali. Wengi tukashangilia. Mwaka 2018 Bunge likazifuta, moja ya sababu ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa vya kutosha kama sheria inavyotaka. Nilikasirika wakati ule. Leo nikikumbuka naona kulikuwa na kichekesho ndani yake: kanuni za kutazama watu kutoka juu zilianguka kwa sababu watu hawakuulizwa. Mzee wangu angeliunga mkono Bunge.

Mwishowe mwaka 2020 zikaja kanuni mpya, Tangazo la Kisheria namba 42, na ndizo zilizofungua njia kwa mtu kama mimi. Ninazifupisha kwa mpenda mchezo wa kawaida:

Uwe na umri wa miaka 18 au zaidi, raia au mkazi wa Kenya, na chombo kisajiliwe KCAA. Kuingiza droni nchini kunahitaji kibali kabla hujafika nayo, kwa hiyo usimwambie shangazi aliyeko ughaibuni akuletee moja kwenye sanduku.

Usipande zaidi ya futi 400 kutoka ardhini, yaani kama mita 120.

Kaa mita 50 au zaidi kutoka kwa watu, magari na majengo yasiyo chini ya usimamizi wako.

Usiruke ndani ya kilomita 10 za viwanja vikubwa vya ndege, au kilomita 7 za vile vidogo, bila idhini.

Ruka mchana, na chombo kisitoke machoni pako.

Usirekodi watu na mali zao bila ridhaa. Hapa kanuni zinakutana na Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inayolinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Fomu na ada hubadilika, kwa hiyo zisome kwenye tovuti ya KCAA kabla ya kununua chochote. Na ukienda mbuga za wanyama ujue kuna kibali kingine juu ya hicho.

Hesabu za Kedowa

Kanuni hizo ni nyepesi kuzisoma ukiwa umekaa Nairobi. Kwenye vilima vyetu zina mitego, na hapa mhandisi ana kazi.

Kuhusu viwanja vya ndege tuko salama. Kiwanja kidogo cha Kerenga kiko upande wa mji wa Kericho, mbali na Kedowa kwa zaidi ya kilomita 20.

Mtego uko kwenye urefu. Droni za kawaida hupima urefu kwa kihisi cha mgandamizo wa hewa, na sifuri yake ni pale ulipoanzia. Kanuni inapima kutoka ardhi iliyo chini ya chombo. Kwenye uwanda hakuna tofauti. Kedowa tofauti ni kubwa:

urefu_halisi = urefu_kwenye_simu + kimo_cha_nilipoanzia - kimo_cha_ardhi_chini_ya_droni

Mfano: nimesimama mgongoni mwa kilima, simu inasema mita 100, nafurahi kwamba niko ndani ya sheria. Napeleka chombo juu ya bonde ambalo limeshuka mita 60. Sasa niko mita 160 kutoka ardhini, nimevunja sheria, na simu bado inasema 100. Nilipopiga hesabu za ile safari yangu ya 2016 nikakuta ndicho nilichofanya.

Dawa yake inapatikana bure. Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima vimo vya ardhi kwa rada, na tangu 2014 data za Afrika za kila mita 30 zipo wazi kwa kila mtu. Niliandika programu ndogo ya Python, haifiki mistari 100, inayosoma data hizo na kunipa kikomo cha urefu kwa kila sehemu ninayotaka kupita. Si kamilifu, kwa sababu rada ile wakati mwingine iliona vilele vya miti badala ya ardhi, kwa hiyo najiachia mita 20 za akiba.

Jambo jingine ni hewa. Tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 20. Propela hulazimika kuzunguka haraka zaidi kubeba uzito ule ule, na betri huisha mapema. Ukiongeza baridi ya asubuhi, dakika zilizoandikwa kwenye boksi zisahau. Mimi narudisha chombo betri ikiwa asilimia 40. Na mchana, mawingu yakianza kujaa upande wa Mau, siruki kabisa. Mawe yaliyoshinda roketi hayataihurumia plastiki.

Kurudi kwa mzee

Baada ya kusoma yote haya nilikwenda kwa mzee likizo iliyofuata, bila chombo. Nilimwambia ukweli: kwamba siku ile sikuwa na kibali, na kwamba nilikosea kupita juu ya shamba lake bila kumwambia. Tulikunywa chai. Akanionyesha ua wake wa zamani, akaniambia baba yake ndiye aliyeupanda, na kwamba walikuwa wakiupunguza kila mwaka unyooke, kwa sababu waliambiwa ndege itarudi.

Nilimwuliza kama ilirudi. Akasema yeye hakuiona.

Sitawadanganya kwamba tangu siku ile mzee ni shabiki wa droni. Hapana. Mei 2023, waandamanaji walipochoma mashine za kuchuma majani chai katika shamba moja kubwa huko Kericho, alinipigia simu kuniambia nisilete "kitu chako" msimu huo, maana watu wana hasira na mashine yoyote inayokuja kutoka kwa wenye pesa. Nilimsikiliza, nikaiacha Nairobi. Hakuna kanuni ya KCAA iliyonikataza siku ile. Lakini fikirini, kama kijana mmoja angeiona ikielea juu ya wachumaji na akaamua inawahesabu?

Siku hizi nikifika nyumbani, chombo kikiwa kimesajiliwa, nafanya jambo moja ambalo haliko kwenye fomu yoyote. Jioni kabla ya kuruka napita nyumba za majirani wanne tunaopakana nao. Nawaambia saa, nawaambia nitapita wapi, na nawauliza. Watatu hukubali, na mmoja wao hata huomba picha ya shamba lake, nami humpelekea. Mzee hukataa. Kwa hiyo kwenye programu yangu, pamoja na miduara ya viwanja vya ndege, kuna pembe nne za shamba lake, na droni yangu ikifika pale inasimama yenyewe. Ndiyo sehemu ndogo kuliko zote iliyokatazwa kwenye ramani yangu, kama ekari mbili hivi, na ndiyo niliyoichora kwa uangalifu zaidi, nikifuata ule ua.

Tunapenda kulalamika sisi watu wa teknolojia kwamba serikali inatuchelewesha, na mara nyingi ni kweli. Lakini kila mmoja wetu anayerusha ovyo juu ya harusi, mazishi au mkutano wa siasa anawapa waliosema "hapana" mwaka 2014 sababu ya kusema hivyo tena, na safari hii hawatakosea. Watakaoumia ni yule anayepima mafuriko na yule anayepeleka damu.

Kwa leo naishia hapa. Siku nyingine nitaandika jinsi ile programu ya Python inavyosoma data za vimo, hatua kwa hatua. Mpaka wakati huo, mkiruka, rukeni chini ya futi 400, na kabla ya kuruka msisahau kupiga hodi.